Moyo Wangu na Mafua ya Mnunuzi wa Dhahabu

Kabla hujaniambia kwamba nilijitakia, keti kwanza. Wengi wamekutangulia. Muuguzi mmoja alinitamkia hivyo mbele ya foleni nzima, na mzee wa kanisa aliyekuja kuniombea alianza na hilo hata kabla ya sala. "Mwalimu mzima, umesoma, ukakubali kuchoma sumu jikoni mwako?" Ndiyo, mwalimu mzima. Nimefundisha darasa la tatu mpaka nywele zikawa nyeupe, na katika miaka yote hiyo sikupewa kitabu chenye ukurasa wa zebaki. Waliokuwa wanaijua walikuwepo. Walikunywa chai yangu, wamesimama nje.

Ninaandika sasa kwa sababu mkono umetulia kiasi cha kushika kalamu, na kwa sababu hasira bado ninayo. Daktari amenishauri nisikasirike, moyo hautaki. Nimemjibu kwamba hii ndiyo hasira yangu ya mwisho, aniachie niimalize.

Naitwa Bhoke. Kwangu ni upande wa Kewanja, Tarime, na ukisimama uani unaona kilima cha mawe yaliyomwagwa na mgodi mkubwa. Mume wangu alifariki kabla vijana hawajaacha ng'ombe na mashamba wakaingia mashimoni. Mwanangu Mwita alikuwa mmoja wao. Alikuwa na wenzake wa rika lake, walitahiriwa msimu mmoja, wakachimba pamoja na kugawana pamoja.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa, kisha wanamwagia zebaki, kile kimiminika cheupe kinachokimbiakimbia kwenye beseni. Zebaki inaikamata dhahabu. Wanakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kama kipande cha chaki. Kidonge hicho lazima kichomwe, zebaki iruke hewani, dhahabu ibaki njano. Sasa swali ni nani achome. Dhahabu ikiwa kwenye moto ni rahisi kuibiwa, punje moja ikachomolewa na kijiti na hakuna atakayejua. Vijana wamepigana mapanga kwa ajili ya hilo.

Basi kwetu walipata ufumbuzi wao. Mama wa mmoja ni mama wa rika zima, na hakuna mama anayewaibia wanawe. Kila kundi likachagua mama mzee wa kuwachomea. Kidonge kinaletwa jikoni kwake, mlango unafungwa na dirisha pia, ili upepo usiusumbue moto na wapita njia wasione kuna nini. Mama anakaa na kile kidonge kwenye kikaango cha zamani juu ya makaa mpaka kigeuke rangi. Vijana wanasubiri uani. Mimi kundi la Mwita lilinichagua kwa kauli moja, kwa kuwa nilikuwa mama wa mwenzao na mwalimu juu yake. Nilijivuna, nisikufiche. Watoto niliowafundisha kusoma walikuwa wananikabidhi jasho lao.

Aliyekuwa akija kununua ni kijana mmoja mwenye pikipiki, tuliyezoea kumwita Mzani kwa sababu ya mzani wake mdogo aliouning'iniza shingoni kama saa. Mtu mwenye adabu sana. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, karibu ndani." "Asante, mimi nabaki hapa hapa nje. Nina mafua, nisije nikakuambukiza." Anatoa leso, anaiweka puani, anakwenda kusimama kule kwenye ua wa minyaa, upepo unakotokea. Nampelekea chai huko huko. Kiangazi ana mafua, masika ana mafua. Nilimwonea huruma kabisa, nikamwambia mke wa mwanangu, Ghati, amchemshie tangawizi.

Tena alikuwa haji mikono mitupu. Kila mara aliniletea maziwa, yale ya paketi ya dukani. "Kunywa, Mwalimu, ukimaliza kuchoma. Yanasafisha kifua." Nyumba ya Mkurya kukosa maziwa ni aibu, na ya kwangu hayakukosekana, lakini nani anakataa zawadi? Nikayanywa. Siku moja nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba bado wako vijana wanaowajali wazee, nikamtaja.

Ugonjwa ulianza na mdomo. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, nakumbuka kwa sababu tulikuwa tunapanda mahindi na kila nilichokula kilikuwa na ladha ya sarafu. Ugali ladha ya sarafu, hata maji ya kisima vilevile. Fizi zikavimba, nikipiga mswaki natema damu. Kisha vidole vikaanza kutetemeka. Mwandiko wangu, ambao wakaguzi walikuwa wakiusifu, ukawa wa mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Niliandika jina langu kwenye daftari la kikundi cha akina mama, na katibu akaniuliza nani amenisainia.

Halafu moyo. Ungekuwa unaniuma ningejua la kusema, lakini haukuniuma. Ulikuwa unakimbia. Nimekaa nachambua mboga, mara unashtuka na kurukaruka kifuani kama kuku aliyefungwa miguu, kisha unanyamaza kidogo, mpaka naogopa kwamba ndiyo basi, halafu unaanza tena. Miguu ilivimba, viatu vya kanisani vikanikataa. Nikawa mkali kuliko nilivyowahi kuwa, nalia kwa jambo dogo na kugombeza kwa jambo dogo zaidi. Ghati alikuwa mwezi wa nne wa ujauzito, na kila siku alikaa nami jikoni kunisaidia, akanivumilia.

Kituo cha afya walipima presha wakatoa vidonge. Nilipokwisha kuvimeza vyote nikarudi, presha iko pale pale. Wakanituma hospitali ya Tarime mjini. Benchi la pale nimelijua kila msumari. Unafika kabla jua halijachomoza, unapewa namba, unakaa, namba zinaitwa kwa sauti ambayo wazee hatuisikii, ukiuliza unaambiwa imeshapita. Nilipoingia hatimaye, yule tabibu hakuinua macho. "Miaka mingapi, mama?" Nikamwambia. "Basi ni uzee. Punguza chumvi." Nikamweleza mdomo, mikono, moyo kurukaruka. "Ni uzee, mama. Mashine ikichakaa inapiga kelele." Akacheka peke yake. Msimu mzima wa palizi nilirudi pale, kila mara ni chumvi na uzee. Ninauliza: uzee gani unaoanza pamoja na mvua? Na katika eneo lote lile, ambapo kila mtu wa pili kwenye benchi lile amevaa buti zenye vumbi la machimbo, hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniuliza nyumbani kwangu kunafanyika kazi gani!

Hospitali isipokupa jibu, ukoo utakupa. Robi, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuja akakaa, akaniangalia mikono inavyocheza, akasema bila kuzunguka: "Wifi yangu, hii si presha. Hii imeanza lini? Si tangu huyu binti aanze kukupikia?" Ghati alikuwa anasuka mkeka kizingitini. Alisikia. Aliacha mkeka ule, hakuugusa tena. Robi akataka arudishwe kwao Sirari kabla hajajifungua, na watu wawili watatu wa ukoo wakaanza kumuunga mkono, watu waliokuwa wanakula chakula cha mikono yake kila Jumapili. Nilimwambia Robi aondoke kwangu. Nilimwambia kwa maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Usiku ule moyo ulinitesa mno, ila sijutii.

Mahindi yalipovunwa, nikasema nitakwenda Mwanza. Mwita alinisindikiza. Hospitali ile kubwa ina ukumbi wa kusubiri unaoweza kumeza shule yetu yote. Tulisubiri siku ya kwanza mpaka wakafunga, tukalala kwa binamu, tukarudi. Nilipimwa moyo kwa zile waya wanazobandika kifuani, na baada ya hapo nikatolewa kwenye korido kumpisha mwingine, blauzi iko wazi. Vidole vyangu havikuweza kufunga kifungo. Nilijaribu, nikajaribu tena, watu wanapita, mwanangu yuko mbali kwenye foleni ya dawa, na mimi mwanamke wa umri wangu nimeshikilia nguo kwa mikono miwili. Mama mmoja Mjaluo aliyekaa karibu aliinuka bila kuulizwa. "Mos, mama. Mos," akanipa pole kwa Kijaluo, akanifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaniweka sawa kola, akarudi kukaa. Jina lake sikulijua. Namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa binti mdogo, na alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake. Aliniambia ninyooshe mikono, akaitazama. Kisha akauliza ninakaa wapi.

"Tarime, upande wa machimboni."

"Nyumbani kwenu wanachoma dhahabu?"

"Mimi ndiye ninayechoma," nikasema, bado kwa kujivuna kidogo.

Aliweka kalamu chini. "Wapi, mama?"

"Jikoni."

"Dirisha likiwa wazi?"

"Tunafunga. Na mlango. Lakini ninakunywa maziwa."

"Maziwa hayasafishi chochote," akasema taratibu. "Ule moshi ni zebaki yenyewe. Umekuwa ukiivuta, imeingia kwenye damu." Sitakusomesha udaktari, mwenyewe nilielewa nusu. Alisema moyo wa mtu wa umri wangu tayari una mizigo yake, na moshi ule umeongeza mzigo juu ya mzigo. Hawezi kuapa kiasi gani ni umri na kiasi gani ni zebaki. Angepeleka mkojo wangu ukapimwe. Lakini dawa zake zitakuwa kazi bure kama moto ule utaendelea kuwaka. Halafu akauliza, "Nani mwingine anakaa humo jikoni?"

"Mke wa mwanangu. Ana mimba."

Alivuta kiti chake karibu yangu. "Basi moto huo utoke kabla mtoto hajazaliwa, mama. Usisubiri majibu."

Nilitoka mle ndani nikakaa kwenye benchi, na hapo ndipo nilipomkumbuka Mzani. Leso puani. Kule kwenye minyaa, upepo unakotokea. Mafua ya kiangazi na ya masika. Na maziwa! Kitu kisicho na madhara mtu anakiletea dawa ya nini? Nilipiga kelele palepale ukumbini, mlinzi akaja kuuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Ukidhani Mwita alinielewa, humjui kijana mwenye shimo. Tulibishana tangu stendi hadi nyumbani. "Mama, moshi umekupikia ugali tangu uzaliwe. Leo ndiyo ukuue?" Nikamwambia kuna moshi na moshi. "Na kundi nitaliambia nini? Tukichomea kwingine tutaibiwa, tutauana. Mzani mwenyewe anasema haina shida, na yeye anazunguka machimbo yote."

"Umewahi kumwona Mzani ana mafua siku ambayo hatuchomi?"

Hilo aliliruka. Wala hakukubali. Alitaka Ghati ndiye aende kwao mpaka ajifungue, mimi nivae kitambaa usoni, kazi iendelee. Nikamwambia Ghati akitoka kwenye nyumba hii sasa, Robi atapiga vigelegele, na msichana yule ataitwa mchawi mpaka kaburini. Anayetoka ni moto. Mwita akasema kundi linakuja Jumamosi na kidonge, na neno limeshapita.

"Waje," nikasema. "Nitachoma. Ila safari hii mgeni nitamkaribisha inavyostahili."

Jumamosi wakaja, Mwita na wenzake, wakakaa uani kama kawaida. Ghati nilimwambia abaki mbali, kwenye kivuli cha ghala la mahindi. Niliwasha makaa, nikaweka kigoda kizuri karibu kabisa na jiko, kile alichokuwa anakalia marehemu. Nikamimina chai na kuandaa viazi vitamu kwenye sahani. Kidonge kikiwa bado kwenye kikaango mkononi mwangu, nikasimama mlangoni. Pikipiki ikafika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Asante, nipo tu hapa. Si unajua, mafua."

"Basi ndiyo uingie, ndani kuna joto. Chai iko tayari, na kigoda cha mume wangu nimekutolea wewe."

Alicheka, akaanza kwenda kwenye minyaa. Nikamwita tena, sauti ile ya darasani. "Mzani! Nimekukaribisha mara mbili. Hii ya tatu."

Kwetu mtu akikaribishwa ndani na mama mzee akakataa kuingia na kuonja, amesema jambo zito. Amesema mama huyo ana kitu, ni mchawi. Vijana waliokuwa wanapiga soga wakageuka kutazama. Mmoja wao, Chacha, akamwambia kwa upole, "Ingia tu, mura. Onja utoke. Mama hawezi kukukaribisha hivyo ukamkataa."

"Nina haraka."

"Haraka gani na dhahabu haijachomwa?" nikauliza. "Ingia tuchome wote, mlango tufunge. Maziwa yako yapo, tutagawana."

Alikuwa ameanza kutokwa jasho. Akautazama mlango ule, akamtazama Chacha, akamtazama Mwita. "Mwalimu, usinilazimishe," akasema. "Hiyo kitu si ya mtu kukaa nayo ndani."

Kila mtu alisikia. Hata yeye mwenyewe nadhani alisikia alichosema baada ya kukisema. Mwita akainuka polepole. "Umesemaje?"

"Nasema kifua changu..."

"Si ya mtu kukaa nayo ndani," Mwita akarudia. "Na mama yangu ni nini?"

Mzani alipanda pikipiki yake. Walimwacha aende, na namshukuru Mungu walimwacha, kwa maana mapanga yalikuwa karibu. Mwanangu alikuja mlangoni, akachukua kikaango mkononi mwangu. Akaingia, akalibeba jiko zima likiwa na makaa yake, akalitoa uani akalimwaga. Kisha akafungua dirisha lile ambalo lilikuwa halijafunguliwa siku nyingi, bawaba zimeshika kutu, ikabidi aligonge kwa jiwe. Ghati alikuwa ameshakuja kusimama karibu. Mwita alimshika bega.

Majibu ya mkojo yalikuja mvua nyingine zikiwa zimeanza: zebaki imo, tena nyingi. Kufikia hapo nilikuwa sihitaji karatasi kuniambia. Ladha ya sarafu iliondoka kwanza, wakati wa kupanda. Fizi zikapona. Miguu ilirudi kwenye viatu vya kanisani kabla ya Krismasi. Mikono imechelewa, na moyo ndio umechelewa kuliko vyote; mpaka leo nameza vidonge asubuhi na jioni, na kupanda kile kilima cha kisimani siwezi tena. Daktari anasema moyo wa umri wangu haurudi wote. Mtoto wa Ghati alizaliwa, wa kike, analia kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kila tukienda kliniki nawauliza mara mbili kama anakua sawa, na kila wakisema anakua sawa bado sitosheki. Robi alileta kuku wa uzazi. Ghati alimpokea kuku yule, akamchinja, akampikia Robi. Mimi nisingeweza.

Kundi la Mwita sasa wanachomea mbali, bondeni, kwa chombo cha chuma kilichofungwa kinachourudisha moshi, na wanasimama wote kutazamana ili asiibe mtu. Kumbe iliwezekana. Iliwezekana siku zote, na walioijua njia hiyo walinyamaza kwa sababu jiko la mama mzee halina gharama. Siwachukii vijana wa mashimoni, walikuwa gizani kama mimi. Nawachukia wenye mizani na leso. Nawakasirikia wale waliovaa koti jeupe wakaniambia ni uzee, kwa sababu kwao mwanamke mzee wa machimboni si mtu wa kuulizwa swali.

Mzani haji tena kwetu. Anakwenda kijiji cha pili, nimesikia. Huko nako kuna mama, mjane, anachoma mlango ukiwa umefungwa. Nilimwendea kwa bodaboda, nikipumzika njiani, nikamkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike. Mezani kwake palikuwa na paketi ya maziwa. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia yule kijana ni mtu mwema, tatizo lake ni mafua tu.

Nikamweleza la kufanya, na wewe unayesoma nakueleza hilo hilo. Akija tena, mwekee kigoda karibu na moto, mkaribishe mara tatu. Asipoingia, toka na wewe.